Unywele Chini ya Gazeti

Mwalimu Cheptoo aling'oa unywele mmoja wa kichwa chake,
mweupe, akaulaza mezani,
akaufunika kwa ukurasa wa gazeti la Ijumaa.
"Fumbeni macho. Niambieni umelala upande gani."
Ilikuwa Julai, chumba cha juu kule Ngara,
chini yetu fundi akinyoosha bodi ya gari kwa nyundo,
na vidole vyangu vimekufa ganzi.

Ukurasa mmoja, niliupata.
Kurasa mbili, nikaupata.
Kwa tatu nikabahatisha.
Akajua. Hakusema kitu.
Akanirudisha mkono pale pale: "Na sasa?"
"Umeelekea dirishani."
Nilipofumbua macho, unywele alikuwa ameushika yeye,
unaning'inia baina ya vidole viwili.
"Kerubo," akasema, "mgongo wa mtu si bahati nasibu."

Mjomba Ombati, aliyeuza pikipiki ili nilipe karo,
huniuliza kila Jumapili, kana kwamba jibu litabadilika:
Ni miaka mingapi? Minne.
Halafu utaitwa daktari? La.
Nesi? La.
Anatafuna. Anatafuta neno.
"Kwa hiyo nimelipia ukandaji.
Mama yangu alikanda kijiji kizima kwa samli,
hakuwahi kuonyesha cheti."
Mkewe anamkanyaga mguu chini ya meza.
Mimi nahesabu kimoyomoyo:
pingili saba za shingo,
kumi na mbili za kifua,
tano za kiuno,
na zile za chini zilizoungana zikakataa kuhesabiwa.

Lile gazeti, nimelisoma. Lilikuwa ukurasa wa kazi.
Anatakiwa mhasibu. Anatakiwa dereva wa lori, Mlolongo.
Anatakiwa mlinzi, urefu usipungue futi tano na inchi tisa.
Sisi hatukutakiwa na mtu.
Nafuna, aliyemaliza kabla yetu, ana chumba Kilimani
na wateja wanaougua kukaa.
Kiplimo anauza bima.
Yule mrefu, jina limenitoka,
anafuata timu ya raga na mfuko wa barafu,
analipwa wakishinda.

Alhamisi hutupeleka Marikiti, alfajiri,
malori yakishusha viazi.
Kitanda chetu ni mlango wa zamani juu ya kreti.
Musyimi akavua shati.
Miaka kumi na tisa ya magunia:
bega la kulia limeshuka kama rafu iliyolegea skrubu,
na juu yake ngozi ngumu, nyeusi, inang'aa.
Nikaweka mikono. Sikujua nianzie wapi.
Kwa hiyo sikuanza. Nilingoja tu,
nikasikia mbavu zikipanda zikishuka,
upande mmoja ukichelewa kidogo,
kama mtoto anayevutwa mkono kwenda shule.
"Daktari," akasema, uso umezama kwenye taulo,
"wiki nzima hii ni mara ya kwanza
mtu kunishika mgongo bila kunitwika."
Akalala usingizi pale pale.
Mwenye lori akaja kumwita. Mwalimu Cheptoo akamzuia
kwa kidole kimoja.

Hatukumponya. Niseme ukweli.
Saa mbili alikuwa tena chini ya gunia,
lakini alipita karibu yangu makusudi, akazungusha lile bega,
akaniachia karoti tano zenye udongo.
Mjomba alizila. Hakuuliza zimetoka wapi.

Mtihani ulikuwa Septemba.
Meza ile ile, gazeti jingine.
Kurasa nne, naam. Tano, naam, umepinda kuelekea mlangoni.
Sita.
Nilikaa. Fundi wa chini akaacha kugonga,
au labda niliacha kumsikia.
Nilisikia karatasi. Nilisikia mbao.
Nilisikia mapigo ya damu yangu ncha ya kidole
yakijifanya unywele.
"Sisikii kitu, Mwalimu."
Kwa mara ya kwanza mwaka ule
akachukua kalamu akaandika.