Kumi na Mbili Nukta Sita

Betri haifi kwa kazi. Hufa kwa kukaa.
Muulize mtu aliyekabidhiwa boti ya wagonjwa
katika ziwa ambalo watu wake, Mungu ashukuriwe,
hawaugui kila wiki.

Hutoka mara mbili kwa mwezi, pengine mara moja.
Siku nyingine zote imefungwa kamba gatini,
na betri yake, chini ya kiti cha nyuma,
inavuja pasipo tone,
inapungua pasipo mtumiaji,
kama mshahara ukiwa mfukoni.

Usiku ule wa Machi nesi Kyarisiima alibisha saa nane.
Nikageuza ufunguo. Mashine ikasema: tk.
Njiti ya kiberiti huvunjika kwa kishindo kuliko hicho.
Tukamvusha Birungi na uchungu wake
kwa mtumbwi wa gogo, makasia manne, saa moja na nusu,
mtoto akatangulia kufika kabla yetu.
Wote wazima. Hakuna aliyenilaumu.
Hilo ndilo lililoniuma.

Wakaleta jenereta kutoka Kabale.
Ikanguruma mchana kutwa, betri ikachemka,
gati zima likanuka yai viza.
Fundi Tibesigwa akaizima, akacheka kwa huzuni:
"Mzee, mwenye njaa humlishi gunia kwa mkupuo."
Akanipa paneli isiyozidi sinia la chai,
kidhibiti chenye taa moja ya kijani,
waya mwekundu, waya mweusi,
na fyuzi. "Fyuzi usiisahau."

Haba na haba, wasemao, hujaza kibaba.
Hapa hakuna cha kujaza. Kibaba kimejaa tangu jana.
Kazi ni kuzirudisha zile punje
zinazodondoka usiku bila kelele.

Na jua la Kigezi si jua la kujivunia.
Ukungu hushuka kwenye matuta ya viazi,
hukaa juu ya maji mpaka saa nne
kama mgeni asiyejua kuaga.
Halafu ndege! Ziwa halikupewa jina bure:
Bunyonyi, penye videge,
na kila kidege kimeiona paneli yangu
kuwa choo cha kisasa.

Basi kila alfajiri natoka na kitambaa na maji vuguvugu,
nafuta kinyesi, nafuta umande,
napaka grisi vichwa vya betri,
nagusisha mita.
Kumi na mbili nukta sita.
Naandika daftarini, kwa mwandiko niliofunzwa jeshini
pamoja na Kiswahili hiki.

Jeshi liliponiaga nilikaa nyumbani miaka mitatu
mpaka kiti kikachukua umbo langu.
Keinembabazi, mke wangu, alinitazama asubuhi moja
jinsi ninavyoitazama mita sasa.
Hakusoma tarakimu kwa sauti.
Kesho yake akasema zahanati inatafuta mlinzi wa boti.

Binti yetu hupiga simu Jumapili kutoka Mbarara.
Dakika mbili, hazizidi.
"Baba, umekula? Mvua ipo? Haya."
Zamani nilinung'unika: dakika mbili ni kitu gani?
Sasa najibu: nimekula, mwanangu. Mvua ipo.
Na Jumamosi jioni, sijui kwa nini,
naihakikisha simu yangu ina chaji.

Juzi Kyarisiima alibisha tena, saa tisa, mvua ikinyesha.
Sikuomba dua ndefu. Niligeuza ufunguo,
na mashine ikawaka kama mashine.
Nesi alikuwa akifunga koti; hata hakugeuka.
Furaha yangu nikaimeza peke yangu, gizani,
mkono kwenye usukani.

Tulipofika ng'ambo kulikuwa kunapambazuka.
Nikapapasa mfuko: kitambaa nimekiacha nyumbani,
na ndege wamekwisha kuamka.