Kwa Atakayepokea Ufunguo

Mlango unakwama. Usiusukume kwa bega.
Uinue kwanza, kama mtu anavyomwinua mtoto aliyelala,
ndipo usukume.
Jiko la makaa liwashe saa kumi na mbili na nusu,
kabla Saikal hajafika na farasi wa babu yake.
Huwa wa kwanza, na hatasema ana baridi.
Vidole vyake ndivyo vitakavyosema, kwenye penseli.

Wino huganda hapa Januari.
Kalamu zifungie kabatini mpaka theluji ya Naryn iachie paa.

Watoto kumi na wanne, madarasa matatu,
ubao mmoja, nao una ufa
unaokatiza kila hesabu ya kugawanya.
Nilipigana na ufa ule miaka miwili.
Wa tatu nikaufanya mpaka:
kushoto darasa la pili, kulia la nne,
na wa darasa la kwanza nawaketisha sakafuni, karibu na jiko,
na vifupa vya vifundo vya kondoo, vile wanavyochezea.

Hesabu za kutoa hazikuwaingia kwa chaki.
"Kopa kumi," nilisema, "kopa kumi," mpaka koo likakauka.
Tologon akauliza: "Tutalipa lini?"
Wakacheka. Nikacheka nami, usiku sikulala.
Asubuhi nikafunga vifupa kumi kumi kwa uzi wa sufu.
Ukipungukiwa, fungua fungu. Basi.
Hakuna deni.

Sauti usipandishe. Mimi niliipandisha,
nao wakapandisha zao, tukawa mnada wa mifugo.
Shusha. Nong'ona,
na wa nyuma watawanyamazisha wa mbele wapate kusikia.

Mkaguzi huja Machi. Atataka andalio la somo lenye safu saba.
Mjazie safu zake, chai itangulie maswali.
Ila ukipata Jumatatu ya theluji kubwa,
wakaja wote, na ukashinda unakausha soksi,
andika: soksi.
Mimi niliandika "Marudio".

Sasa Adilet.
Dawati la dirishani. Ataitazama barabara;
baba yake anajenga maghorofa Moscow.
Nilimwita ubaoni mara tisa, mara tisa akasimama
akiiangalia chaki kama mali ya mtu mwingine.
Kwenye daftari la maendeleo nikamwandika "mzito wa kuelewa".
Ukurasa wa kumi na moja, mwandiko wangu.
Sikulifuta. Nimeliacha ulione.

Aprili nilichelewa kutoka, nikasikia watu nyuma ya ghala la makaa.
Alikuwa na mdogo wake.
Amekwaruza mstari ukutani kwa msumari,
kushoto huku, kulia huku,
anamgawia kokoto, anamnong'oneza,
na mdogo akikosea, anangoja.
Anangoja kweli. Nilihesabu pumzi zangu kumi na mbili.
Mimi sijawahi kumngoja zaidi ya tatu.

Tangu hapo simwiti. Nikipita namwachia kipande cha chaki
pembeni mwa dawati, naendelea na wengine.
Mara mbili alikichukua.
Mara nyingi hakichukui.

Vifupa ni mia na hamsini na tisa. Ndiyo, kimoja hakipo,
usikitafute.
Ufunguo uko chini ya ndoo.
Makaa yanatosha mpaka Februari; yakiisha,
kabishe hodi kwa babu yake Saikal,
na usiende mikono mitupu.