Umbali wa Sala Saba

Mama alikata roho saa tisa na robo usiku.
Saa tisa na nusu nikampigia Lali.
Kwake ilikuwa saa moja na nusu, jioni, theluji,
anavua viatu mlangoni.

Hapa kumeshaingia Jumanne. Toronto ni Jumatatu bado,
na Jumatatu, saa moja na nusu,
Mama aliomba uji wa mchele
akalalamika kuwa sukari haikukolea.
Sikujua nimwambie nini mtu
aliyesimama ndani ya siku ambayo mama yake yu hai.

Nilimwambia.

Kisha tukaishika hesabu, kila mmoja na simu yake.
Kilomita elfu kumi na mbili na ushei,
mstari mwembamba umepindwa juu ya dunia
kama mpini wa kikapu.
Ndege ya kwanza, saa kumi na mbili hewani.
Doha, kungoja saa tano. Nairobi, kulala kitini.
Halafu ile ndogo ya asubuhi, ikiwa ina nafasi,
hadi Manda, na ukishuka Manda bado hujafika:
kuna gati, kuna mashua ya injini,
kuna dakika kumi za chumvi usoni.

Simu ikamuuliza: Kwenda tu, au kwenda na kurudi?
Ikamuuliza: Abiria wangapi?
Nikamsikia anavuta pumzi.

Mama hakupima kwa kilomita.
Siku Lali alipoondoka alikaa dakani,
kila adhana akikunja kidole,
hata ujumbe ukaingia: Nimefika.
"Sala saba," akasema. "Ah, si mbali.
Kwa juma moja nasali thelathini na tano.
Ningekuwa nimefika mara tano."

Sasa Mjomba Bwanaheri amesimama pale pale dakani,
na sauti yake ya mkasi:
atazikwa baada ya adhuhuri. Maiti haiwekwi.

Kati ya kufa na kuzikwa, sala mbili.
Kati ya Toronto na Lamu, saba.
Hii ni hesabu ya darasa la pili:
saba haiingii katika mbili,
hata ukope, hata ulie.

Lali alikata tiketi vivyo hivyo.

Saa saba jeneza likatoka.
Wanaume wakalipokezana, kichochoro kizima mabega,
punda wa watu akasukumwa ukutani.
Kwa Lali alfajiri, saa kumi na moja,
hajalala, begi liko kati ya miguu,
ndege yake ni ya jioni.

Kutoka mlango wetu hadi makaburini
ni dakika tisa kwa miguu.
Mimi ni mwanamke. Nilibaki ndani,
na shangazi zangu, na moshi wa udi,
na kitanda kilichotandikwa upya bila mtu,
nikisikiliza nyayo zao mpaka zikaisha.

"Wamefika?" akauliza Lali.

Sijui, nikamwambia.
Hata mimi sijafika.