Mbingu ya Hesabu

Mbingu niliyoipakua ilikuwa safi kupita kiasi.
Samawati ya kadi ya harusi,
jua la duara kamili, halina vumbi, halina jasho,
halijawahi kumwamsha mtu kwa kumchoma shavu.
Nikasema: hii haijafika Langoni.

Msimbo wake ni huria, uko wazi kama daka siku ya harusi:
ingia, tazama, shika,
kisichokupendeza kitengeneze, ukishakitengeneza kirudishe,
wengine nao wapate.
Nikaingia. Nikavua viatu, kwa mazoea.

Humo ndani mbingu haina malaika wala ndege.
Ina mistari elfu tisa, na mabano.
Hapa mwanga unagonga hewa, buluu inatawanyika;
hapa chembe za chumvi;
na hapa, mstari wa mia nne na kumi, namba moja pweke
inayodai hewa ya dunia nzima ina unene wa mbili.
Mbili!
Nani aliyepima? Alipima wapi?
Punda walikuwa wameshapita?

Nikachukua sahani nyeupe ya mama, ile yenye ua moja pembeni,
nikapanda sakafuni kila siku saa saba, siku arobaini,
nikaiinua usawa wa upeo, nikapiga picha:
weupe wa sahani, weupe wa mbingu.
Maana mchana wetu si buluu, jamani,
mchana wetu ni maziwa yaliyotiwa maji;
chumvi imepanda, chokaa ya kuta imepanda,
na moshi wa taka zinazochomwa nyuma ya mji.
Majirani wakasema binti Lali anaomba mvua kwa sahani.
Mama aliuliza moja tu: wali nipakue kwenye nini?

Namba ikatoka: nne nukta saba.
Nikaipeleka kwa mlinzi wa msimbo, jina lake Halvard,
anakaa nchi ambayo jua huaga Novemba
likarudi Januari, limepauka kama mgonjwa.
Yeye ndiye mtunza jua. Nilicheka,
kisha nikakumbuka nani ajuaye bei ya unga.
Aliuliza maswali kumi na moja. Hakuuliza mimi ni nani.

Halafu ile jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani.
Wingu limefunika magharibi kama blanketi la hospitali,
mji mzima uko juu ya sakafu, shingo ndefu, hakuna kitu.
Mimi chini, najaribu namba yangu:
nimeandika tarehe ya leo, latitudo yetu,
mawingu nimeyaacha, kwa wepesi tu,
na mwezi ukakaa pale kwenye kioo,
mwembamba kama ukucha uliokatwa.
Shekue, mtoto wa dada, akauona. Kabla sijamshika:
"Umeandama! Umeandama!"
Mtaa wa pili ukaitikia. Sufuria zikagongwa.

Nilipanda ngazi mbili mbili, nikakiri mbele ya watu:
ni mwezi wa kompyuta.
Kicheko kile bado kinanifuata sokoni.
Shangazi Mwanamkuu peke yake hakucheka.
"Uko, huo mwezi?"
"Uko, shangazi. Hesabu haikosei."
"Basi uko. Ela sisi hatukuuona."
Akashuka kuloweka kunde za daku.

Usiku ule nikaandika wingu.
Mistari sitini, wingu moja tu, zito, la magharibi.
Halvard akauliza: hili la nini, mbona linaharibu mandhari?
Nikajibu: linaficha. Ndiyo kazi yake.
Siku tatu kimya. Kisha akalipokea.

Sasa jina langu limo kwenye faili ya waliochangia,
la mia mbili na kumi na nne, kati ya watu nisiowajua.
Mahali fulani mtoto anaendesha gari la mchezo
chini ya mchana mweupe wa Langoni,
anafuta kioo kwa kanzu, akidhani ni uchafu.
Sahani imerudi kabatini. Ina ufa mdogo,
upande wa ua. Mama bado hajauona.