Tatu za Nyongeza

Umeme wa Ibra haukatiki kwa adabu.
Hauagi. Saa nane na robo, Julai,
feni ya ukumbini inazunguka mara mbili tatu kwa mazoea,
kisha inasimama,
na ndipo tunapojua nyumba ilikuwa na kelele kiasi gani.

Hapo Bi Thuwaiba anainuka,
goti la kulia kalishika kama kitasa kibovu,
anaanzia jikoni:
friza, nje.
Friji, nje.
Birika langu la umeme, nje. "Hata kama limezimwa, chomoa."
Televisheni na kisanduku cha dishi, ruta,
chaja iliyosahauliwa ukutani bila simu
kama mdomo usiofumbwa.
Kila waya anaulaza juu ya chombo chake
ili kila kimoja kijue mkia wake.
Taa ya barazani peke yake anaiachia swichi.
"Huyo mpiga mbiu," asema. "Akiwaka, tutajua."

Kisha tunakaa. Joto linaingia bila hodi.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimcheka.
Nimekulia Maskati mimi, giza kwetu lilikuwa habari ya nchi za watu.
Nikamwambia, Mama, giza halichomi.
"Giza halijachoma kitu tangu dunia iumbwe," akanijibu.
"Kinachochoma ni kurudi."

Naye kurudi anakujua.
Alirudi huku mwaka wa sabini na mbili,
sanduku la bati mkononi, Kiswahili kitupu kinywani,
ndugu wa marehemu baba yake wakampokea mlangoni,
wote kwa mpigo mmoja, kwa nguvu,
Kiarabu cha kumwagwa kwa ndoo.
"Nikaungua," anasema. Hasemi zaidi.

Kwa hiyo taa ikiwaka, bado hakuna ruhusa.
Anatoa tasbihi.
Punje tisini na tisa, mizunguko mitatu,
na tatu za nyongeza, itimie mia tatu.
Shaji, fundi Mkerala anayetutazamia viyoyozi,
ndiye aliyemwambia: dakika tano, kompresa ipumue.
Yeye dakika hana. Ana punje.
Watoto wanalowa jasho wakikitazama kidole gumba chake
kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi.

Alhamisi ile, taa iliwaka magharibi.
Kwa jirani, kwa kina Suleiyum,
viyoyozi vyote vikanguruma pamoja, na vigelegele juu.
Mume wangu Mundhir akanyoosha mkono kwenye soketi.
"Ya ngapi, Mama?"
"Sabini na mbili, mzunguko wa kwanza. Keti."
Akaketi, na miaka yake arubaini na moja, na ndevu zake.

Ndipo taa ya baraza ikageuka nyeupe,
weupe usio wake,
ikasema ti, ikafa.
Ng'ambo ya ukuta kitu kikasema paa.
Halafu harufu ya plastiki,
halafu giza, na vigelegele vimekatikia katikati.
Punje ya sabini na tatu tuliisikia ikipita.

Asubuhi Suleiyum alipakia kwenye pikapu friji, televisheni,
mashine mpya ya kufulia, bado ina karatasi mlangoni.
Bodi zake nyeusi kama ukoko.
Sisi tulinunua balbu.

Shaji sasa ametufungia kidude cha kinga kwenye boksi la meta,
riali thelathini na nane, kijitaa cha kijani.
"Kikizimika kijitaa," alituambia, "kimekufa badala yenu."
Bi Thuwaiba alikikagua, akakisomea,
na plagi bado anachomoa.

Jana ulikatika tena. Uliporudi,
kichwa cha mtoto wa Suleiyum kikachomoza juu ya ukuta:
"Bibi! Umefika ya ngapi?"
Bila kufumbua macho akamwonyesha vidole vitatu.
Hatukujua ni mzunguko wa tatu, au ni zile tatu.
Nyumba mbili, tukangoja.