Ukurasa Ulioliwa na Mchwa

Piano ya parokia ya Hombolo imesimama
magurudumu yake manne ndani ya makopo ya mafuta ya taa,
maana mchwa wa huku hawachagui:
wamekula mlango, wamekula kiti cha padri,
wangekula na sauti kama ingekuwa ya mbao.

Mimi ni karani wa mizani, chama cha wakulima wa zabibu.
Asubuhi napima kreti, jioni napima kimya.
Nilianza na miaka arobaini na mmoja,
vidole vimeshazoea kalamu na kamba ya mzigo.
Mwalimu Chidawali, kabla hajahamishiwa Mpwapwa,
alinifundisha anachofundishwa kila mtu:
ule mmoja, wa taratibu, wa gizani,
ambao hata simu ya benki hukuimbia ukingoja.
Ni mzuri. Sibishi.
Ila nimeupiga harusi tatu mfululizo
na hakuna aliyeusikia; walikuwa wameshausikia.

Kabatini, chini ya majoho ya kwaya, nikakuta kitabu.
Jalada hakuna. Jina la mtunzi limebaki herufi mbili, "ek".
Mtu mzima, karne mbili na zaidi,
amebaki mkia, kama mjusi aliyeponyoka.

Sonata kumi na moja. Nikazijaribu
kama mtu anayegonga matikiti soko la Majengo
akisikiliza lipi lina kitu ndani.
Mbili maji matupu, mbio za vidole tu.
Ya tano ilinikataa.
Ya saba ilinikaribisha vizuri mno, nikaishuku.
Ya tisa, fa ndogo,
bemoli nne zimepangwa mlangoni kama viatu vya wageni,
ilianza na kituo. Kituo kwanza,
kimya chenye hesabu yake,
ndipo mkono wa kushoto ukashuka ngazi
kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba.

Mwezi mzima sikuvuka mstari wa tatu.
Upepo wa Agosti hukausha mbao, la ya katikati inalegea,
inavuma kama ilimba yenye utando wa buibui tunduni.
Nimeweka bakuli la maji chini ya nyuzi.
Fundi hutoka Morogoro mara moja kwa mwaka;
akija, hulaumu bakuli.

Kuna wimbo wa kwanza, mkali, wa nyumbani.
Kuna wa pili, mpole, ila umeolewa mbali,
unaimba kwa ufunguo wa ukweni.
Halafu katikati yote yanavurugika,
noti zinachanganyika kama ng'ombe wa watu wawili kisimani,
na pale nilipoanza kuzitambua chapa za kwetu
ukurasa ukaisha.
Wa mwisho ni ramani ya vichuguu.

Wiki nzima sikugusa piano.
Kisha Jumatatu, katikati ya risiti za kreti,
ikanijia: si ameshaniambia?
Aliyoyasema mwanzoni atayarudia,
ila safari hii wa pili haubaki ukweni.
Unarudi. Unasema yale yale kwa ufunguo wa kwao,
na hapo ndipo unapouma,
kwa kuwa upole ule, ukiwa fa ndogo,
ni binti aliyeshuka basi na sanduku lake
anasema hajambo.

Nikaandika nyuma ya risiti, kwa penseli, nikihamisha noti kwa noti:
vipimo arobaini vya mtu mwingine
kwa mwandiko wa karani wa mizani.
Nilipokosea sijui.
Vinne vya mwisho sikuwa na pa kuvitoa. Nikaviacha wazi.

Jana usiku nilimwita Nhonya, mlinzi, aje asikilize.
Yeye hupenda ule wa harusi na hafichi.
Alisimama mlangoni, tochi imezimwa.
Nilipofika kwenye vinne vile nikahesabu
mikono juu ya vibonyezo, bila kugusa,
kila kimoja mapigo yake.

Akangoja.
"Mbona kama hujamaliza?"
Nikamwambia ndivyo kilivyo.
Akawasha tochi, akamulika chini ya piano,
akasema mafuta yamepungua kopo la kushoto,
kesho ataleta.