Bwana Tukuyu

Nyuma ya bahasha ya bili ya gesi
mume wangu ameandika mishahara yetu miwili,
wake juu, wangu chini, kama vitanda vya bweni.
Elfu ishirini na saba na mia tano: kuendesha foklifti ghalani.
Elfu ishirini na nne: kuwageuza wazee wasiote vidonda.
Jumlisha. Zidisha mara nne na nusu.
"Laki mbili, Sekela! Laki mbili na thelathini elfu na ushei!"
Na kwa usiku mmoja, hapa Stoke,
juu ya duka la samaki wa kukaanga,
tulikuwa matajiri wa pesa ambazo hakuna aliyetupa.

Nyumba yenyewe tunaijua.
Mtaa unaopanda kutoka kwenye mfereji, matofali mekundu,
vyumba vitatu, mlango wa kijani unaobanduka rangi.
Wenyewe wanataka laki moja na tisini na mbili.
Nimeshapanda maboga nyuma yake, kichwani.

Kwetu kuweka rehani ni kutoa kitu chako,
saa, baiskeli, kipande cha shamba la chai,
uchukue pesa, ukishindwa kiende.
Huku unaweka rehani kitu ambacho hujawahi kulala ndani yake.
"Kukopa harusi," akasema Ambakisye, akacheka.
Hakumalizia.
Matanga yake ni miaka thelathini na mitano.
Mimi nina thelathini na tisa. Nikahesabu, nikaishiwa vidole.

Alhamisi, Hanley, ghorofa ya pili.
Bwana Hollis ana kalamu nne na kikombe cha Babu Bora.
Si mtu mbaya. Ananyofoa kwa adabu.
Saa za ziada anazihesabu nusu,
kwani Krismasi haiji kila mwezi.
Gari la mkopo: toa.
Chekechea ya Lusajo: toa, tena toa sana.
Na pauni elfu tatu zilizoingia Machi kwa mkupuo?
Nikamweleza upatu: wanawake kumi na wawili,
mia mbili na hamsini kila mmoja, Machi zamu yangu.
"Mkataba uko wapi?"
Mkataba ni Bi Atuganile.
Ukichelewa, anasimama mlangoni kwako na viatu vya kanisani.

Ikabaki laki moja na themanini na nane.
Mlango wa kijani bado ulikuwa wetu.
Kisha akageuza karatasi ya benki, kalamu ikasimama.
"Na huyu Tukuyu?
Kila tarehe mbili, pauni mia na themanini, hakosi.
Bwana Tukuyu anawadai nini?"

Ambakisye akakohoa.
Nianzie wapi?
Kwamba ni mji, tena una mvua kuushinda huu?
Kwamba ni vidonge vya presha vya mama mkwe,
ni ada ya Gwamaka, kidato cha tatu,
ni bati mbili zilizong'olewa na upepo wa Aprili?
Kwamba anatudai, ndiyo, tangu hatujazaliwa,
na hajawahi kutuandikia barua ya kutisha?
"Ni mama," nikasema.
"Kwenye fomu mmeandika mtegemezi mmoja."
Kisanduku cha fomu kilikuwa kidogo. Kilitosha tarakimu moja,
nami niliandika ile iliyokuwa imelala mgongoni kwangu.

Akashusha sauti, kwa wema:
"Simamisheni miezi mitatu. Mkirudi, karatasi itakuwa safi."

Safi.
Nililifua neno hilo ndani ya basi, njia nzima.
Halikutakata.

Usiku Ambakisye akachukua bahasha nyingine,
akaandika Tukuyu kwanza, sisi chini yake.
Laki moja na sitini na mbili.
Hiyo ni nyumba ya ng'ambo ya reli,
vyumba viwili, ua wa saruji; maboga yataota kwenye ndoo.

Jumamosi tukaenda kuiona. Lusajo akapanda ngazi mbio,
akafungua milango yote, akashuka.
"Baba, chumba cha tatu kiko wapi?"
Ambakisye alikuwa anapima dirisha kwa shubiri.
"Kina mtu," akamwambia.